Kusoma lishe Bukavu: angalia staje (mazoezi ya kazini) kabla ya kulipa minervale (ada ya masomo)

Kila mwaka matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yakitoka tu simu yangu haipumziki, wazazi na watoto wao wote wananitafuta: "Dada, huyu mutoto anataka kufanya nutrisioni, ni mambo ya kupika ile?" Hapana mama, si kupika. Hii kitu nimeisoma hapa hapa Bukavu, nimeifanya hospitalini, kisha kwenye miradi ya mashirika, basi leo naandika yote pahali pamoja ili nikiulizwa nitume tu link.

Mwaka wa kwanza utakutana na biokemia, fiziolojia, mikrobiolojia, statistiki. Biokemia njo inarudishaka watu nyumbani. Kama ulitoka biolojia-kemia utapumua kidogo, kama ulitoka pedagojia ao komersiali si kwamba huwezi, lakini tafuta mtu wa kukufundisha mapema namna mwili unavyochoma sukari na unavyojenga protini, usingoje mpaka alama zimebandikwa kwenye valve (ubao wa matangazo) njo uanze kulia.

Milango iko zaidi ya mmoja, na watu wanaichanganya. ISTM, chuo cha ufundi wa kitabibu, njo njia ya hospitali na vituo vya afya, pale unafundishwa kumshughulikia mgonjwa. Fakulte za agronomia, kama za UCB (Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu) na UEA (Chuo Kikuu cha Kiinjili), zinakupeleka upande wa chakula chenyewe: shamba, kukausha, kusaga, kuhifadhi, unga wa masoso (mahindi, soja, mtama) usioingia ukungu. Halafu iko afya ya jamii, yaani uchunguzi, takwimu, kupanga miradi. Wote watatu watakuambia "niko mu lishe" na hakuna anayedanganya, ila asubuhi mmoja ataamka kwenda kwa mgonjwa, mwingine kwa gunia la soja, mwingine kwa kompyuta. Kwa hiyo usiulize "wapi ni bei rahisi", uliza kwanza wewe unataka kuamkia wapi. Na kama ni shule mpya ya mtu binafsi, uliza kama wizara ya elimu ya juu (ESU) inatambua hiyo seksioni, tena uliza kabla ya kutoa makuta, si baada.

Miaka sasa ni ya LMD, mfumo wa lisansi-masta-dokta: lisansi miaka 3, kredi 180, masta miaka 2 tena, kredi 120. Wakubwa zetu walifanya graduat 3 kisha lisansi 2, njo maana matangazo ya kazi bado unaona A1 (graduat), A0 (lisansi ya zamani), usishangae.

Mimi ushauri wangu ni huu, na najua wengine hawaupendi: lisansi fanya hapa, makuta ya kwenda nje yachunge kwa masta. Sababu ni staje. Mutoto mwenye utapiamlo mkali huku kwetu hasomwi kwenye slaidi, utamkuta kwenye UNTI (chumba cha hospitali cha kutibu utapiamlo mkali), miguu imevimba, bibi yake anasema ni kunenepa. Unabonyeza kidole gumba juu ya miguu yote miwili sekunde 3, ukitoa shimo linabaki. Unapima mkono kwa ile utepe, chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu. Na hapo njo utaelewa kwa nini biokemia ilikusumbua, kwa sababu huyu mutoto ukimjaza chakula kingi siku ya kwanza unaweza kumuua, chumvichumvi za damu zinaporomoka, moyo unashindwa. Unaanza na maziwa ya tiba F-75, kidogo kidogo kila masaa 3, usiku pia. Mama yake anakasirika, anasema mnamnyima mutoto, wewe unamueleza kwa mashi ao kwa Kiswahili, taratibu. Uvimbe ukianza kushuka na hamu ikarudi njo unahamia F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, ao Plumpy'Nut, uji mzito wa karanga wa tiba, kipakiti cha gramu 92 chenye kalori 500. Mtu aliyepita pale wiki nyingi hakuna mwalimu wa nje atamtisha na PCIMA, yaani mwongozo wa kutibu utapiamlo mkali.

Pahali tuko wazaifu ni lishe ya wagonjwa wakubwa. Sukari, figo, presha. Niliona hospitali moja mama wa Kadutu mwenye figo mbovu anapewa karatasi ya Kifaransa: brokoli, samaki saumoni, mkate kamili. Huyu anakula bugali, lengalenga, maharagi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa! Kilichohitajika ni kumwambia mboga azichemshe kwa maji mengi, yale maji ayamwage, potasiamu ipungue, na sambaza iliyotiwa chumvi aiache. Upande huo wa dietetiki wenzetu wametupita, kwa hiyo masta ya nje tafuta pahali penye staje ya hospitali kweli. Karibu na sisi vyuo vinavyofundisha lishe, uliza kama masta iko na staje yake ikoje, ni Chuo Kikuu cha Rwanda, Kyambogo kule Uganda, na Sokoine ya Morogoro kwa Watanzania (hii ya Sokoine inaegemea zaidi chakula na jamii). Kiingereza anza leo, usingoje viza. Kenya ujue kuna baraza la wanalishe, KNDI, huwezi kufanya kazi bila kusajiliwa. Ukirudi na diploma ya nje, utahitaji ekivalansi ya wizara, basi chunga relevé (karatasi za alama) zote.

Kazi je? Sitakudanganya. Mashirika yanalipa vizuri lakini mkataba ni wa miezi, mradi ukifunga na wewe umefunga, na 2025 Marekani ilipovunja shirika lake la misaada, USAID, tuliona marafiki wengi wanarudi nyumbani kwa pamoja. Hospitalini wengi wanaishi kwa praimu (posho) tu wakingojea matrikile, namba ya mfanyakazi wa serikali. Njo maana nawaambia wadogo zangu wajifunze na kazi ya pembeni inayotoka kwenye hii hii elimu: unga wa watoto, konsultasioni ya wenye sukari, mafunzo kwa mashule. Agora ya UNICEF iko na kozi za bure, data tu njo zako.

Na kabla ya inskripsioni, omba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akuonyeshe daftari yake ya staje. Angalia ni wapi walimtuma, nani alisaini, na kama kurasa zimejaa ao ni mihuri mitupu.