Mkuu, toa kwanza mkono kwenye hiyo Auto

Mkuu, acha! Usibonyeze kitu. Umeandika kwamba una picha 960 za RAW (faili ghafi za kamera) za machweo pale Jiwe la Bismarck, Mwanza, moja kila sekunde 5, uziunge ziwe video ya time-lapse, na kwamba usiku huu utazichagua zote kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, ubonyeze Auto, kitufe kinachorekebisha picha chenyewe, utoe JPEG, yaani picha za kawaida zilizobanwa, kisha ufute RAW upate nafasi. Halafu unauliza fremu 24 au 25, RAM ya 8 kama inatosha, na muziki unaingizwaje. Nilipofika hapo kwenye Auto na kufuta RAW nikashindwa kuendelea kusoma, maana njia hiyo niliipita mimi na ilinila laki nne pamoja na mteja.

Mteja alitaka sekunde 30 za jiji la Dar likiingia usiku. Nikavuka na pantoni hadi Kigamboni, nikasimika stendi nikaelekeza kamera Posta, picha 750, moja kila sekunde 8. Upigaji ulikwenda vizuri kabisa. Nyumbani nikafuata somo la jamaa mmoja wa video za mtandaoni anayejiita mwalimu. Maelekezo yake: chagua zote, Auto, toa JPEG, na RAW futa kwa sababu ni mzigo tu. Nikafuta, na kapu la taka nikalimwaga.

Video ilipocheza, anga ilikuwa inapepesa kama taa ya tyubu yenye starta mbovu. Sekunde 30 nzima! Nikadhani ni kompyuta, nikaiwasha upya. Nikadhani ni programu ya video, nikabadilisha. Saa nane usiku ndipo nikafungua katalogi, maana kumbukumbu za marekebisho zilikuwa bado zimo, nikalinganisha picha mbili zilizofuatana. Ya 212, Auto imeweka Exposure, yaani mwanga wa picha, +0.85. Ya 213, imeweka +0.30. Kati ya hizo mbili pantoni ilikuwa imegeuka, taa zake zikatazama kamera. Basi. Auto ikaona taa, ikasema picha hii ina mwanga wa kutosha, ikaitia giza yote, anga na maghorofa. Picha ya 214 pantoni imesogea, ikaipandisha tena.

Elewa hili, mkuu: Auto haijui kwamba picha zako ni ndugu. Inakokotoa kila moja peke yake. Ukitazama moja moja zote zinapendeza, ndiyo maana inadanganya watu. Ukizipanga zitembee, kila tofauti ndogo inageuka mpepeso.

Na ningekuwa na RAW ningerudia kazi asubuhi, kwa sababu Lightroom haigusi faili lenyewe, inaandika maelekezo pembeni tu. Lakini nilibaki na JPEG zenye ngazi 256 kwa kila rangi, wakati RAW yangu ya biti 14 ilikuwa na ngazi 16,384. Nilipojaribu kuzisawazisha, bluu ya baada ya magharibi ikakatika mistari mistari kama bati. Nikarudisha malipo ya awali. Yule mwalimu nimemwandikia mara tatu hajajibu, na nikirudia video yake naona mfano wake wote ulikuwa mawingu ya saa sita mchana, mwanga uleule mwanzo hadi mwisho. Machweo hajawahi kuonyesha hata moja! Unafundishaje watu jambo ambalo hujalijaribu mahali linapouma?

Sasa shika hili: hariri picha chache kwa mkono wako, zilizobaki zifuate. Mimi naziita nguzo. Kwa picha zako 960, chagua nguzo tano au sita: jua likiwa juu, likigusa maji, limezama, bluu, giza. Huku kwetu karibu na ikweta jua linashuka karibu wima na utusitusi ni mfupi, kwa hiyo nguzo zibane zaidi kwenye kipande kile cha baada ya jua kuzama.

Mimi natumia LRTimelapse, programu ya kusawazisha picha za time-lapse, pamoja na Lightroom Classic. Inakuwekea nguzo, wewe unazihariri peke yake, unahifadhi maelekezo, unarudi, na Auto Transition inagawa mabadiliko polepole kwa picha zote za katikati. Kama ulikuwa unabadilisha shata (muda ambao kamera inaachia mwanga uingie) wakati giza linaingia, mstari wa mwanga ndani ya LRTimelapse utauona una ngazi ngazi. Holy Grail Wizard inazilainisha. Baada ya hapo piga Visual Deflicker ya kuondoa mpepeso, maana mara nyingine hata lenzi yenyewe haifungi tundu lake la mwanga sawasawa kila picha. Ukirudi Lightroom usisahau kuchagua zote na kusoma upya metadata (yale maelekezo yaliyohifadhiwa) kutoka kwenye faili, la sivyo utatoa picha bila marekebisho.

Slaida za Highlights, Shadows, Clarity na Dehaze zivute kidogo sana. Nazo zinajipima kwa kilichomo kwenye kila picha, kwa hiyo ni Auto aliyevaa kanzu. Kazi kubwa ifanye kwa Exposure na nyuzi za rangi, yaani ujoto au ubaridi wa rangi.

Kama huna LRTimelapse, Lightroom Classic ina Match Total Exposures kwenye menyu ya Settings. Inasoma shata, tundu na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), inalinganisha mwanga wa picha ulizochagua. Haifikii ile nyingine, lakini angalau inafuata namba za kamera.

RAW hizo zihamishie kwenye diski ya nje leo. Omba hata kwa jirani. Usiguse hata moja mpaka uwe umeiona video nzima ikitembea kwenye skrini kubwa, taa za nyumbani zimezimwa, na anga halijapepesa.

Hiyo folda bado ipo, mkuu? Jibu hapa kabla hujalala.