Yule mama wa Sake

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni sawa vijana kutazama vile vipindi vya kweli vya televisheni, polisi wanapotafuta watu waliopotea. Kwangu hapa Katindo, Goma, binti yangu wa miaka 14 anatazama, ila niwe nimeketi naye. Mdogo wake wa miaka 9, hapana. Huyo haulizi kitu, anaenda kuota.

Si damu inayoniogopesha. Kwenye chaneli za Ufaransa kuna kile kiduara cha umri pembeni ya skrini, 10, 12 au 16, na watoto wanakijua kuliko sisi. Lakini kiduara hakisemi kipindi kinamfundisha nini mtoto. Binti yangu aliwahi kuniambia, kwa uhakika kama mwalimu, kwamba mtu akipotea ni lazima mngoje saa 24 ndipo mwende polisi. Kayatoa wapi? Hukohuko. Na huko Marekani kwenyewe, sheria ya mwaka 1990 inakataza polisi kuweka muda wa kungoja mtoto anapopotea. Taarifa inapokelewa palepale. Nikamwambia: ukimkosa mdogo wako sokoni Virunga, usihesabu hata dakika tano, piga kelele.

Tena yeye alipaswa kujua, maana alikuwepo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulikimbia na umati kuelekea mji wa Sake, mbingu nyekundu nyuma yetu. Mtoto wa dada yangu, miaka 6, akatuponyoka njiani. Siku tatu! Hakuja mpelelezi wala mbwa wa kunusa. Tulikuwa na redio iliyosoma majina ya watoto, kijana mmoja mwenye megafoni juu ya pikipiki, na mama mmoja wa Sake aliyemkuta analia, akamwogesha, akamvalisha fulana ya mwanawe, halafu kila asubuhi akakaa naye kando ya barabara ili aonekane. Tulimpita mara ya kwanza kwa sababu ya ile fulana. Sauti ya mtoto ndiyo iliyotugeuza.

Kwenye televisheni, dakika 45 zikiisha mtu ameshakamatwa. Hapa tunajua Ziwa Kivu. Meli iliyozama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024 iliacha familia ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika. Hilo huwa nalisema kipindi kikiisha, kabla hatujazima, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza hasa. Siku moja akaniuliza: "Mama, mbona wanaotafutwa wote ni wasichana wa kizungu, tena warembo?" Nilicheka, nikamweleza kwamba mwandishi wa habari Mmarekani, Gwen Ifill, aliipa tabia hiyo jina tangu mwaka 2004. Hakuridhika. Alitaka kujua ni nani anayechagua.

Kwa hiyo mzazi anayemwacha mtoto peke yake na simu na vipindi hivi, sikubaliani naye, hata kama mtoto ana miaka 17.

Jumapili iliyopita umeme ulikatika katikati ya kipindi. Tukabaki gizani, mimi natafuta mshumaa. Binti yangu akauliza yule mama wa Sake anaitwa nani. Tulikula kwake, tukalala kwake usiku mmoja, na jina sikumwuliza.