Alfa imevuka mstari? Usikimbilie kuizika sinkrotroni

Msomaji mmoja ameniandikia. Amepima spektra (mgawanyo wa mwanga kwa nishati) ya mlipuko wa miale ya gamma kwa data ya setilaiti ya Fermi, akapata alfa, yaani mteremko wa spektra upande wa nishati ndogo, ya −0.4, na sasa anauliza kama aitupe sinkrotroni, yaani mionzi ya elektroni zinazozunguka kwenye ugasumaku. Hapana, ndugu yangu. Jua kwanza umepima nini.

Anza na ukubwa. Mlipuko huweza kupanda na kushuka ndani ya milisekunde 1, muda ambao mwanga husafiri kilomita 300 tu. Ukiibana nishati yote ile humo, fotoni zitagongana na kuzaa elektroni na positroni, wala hakuna gamma itakayotoka. Lakini inatoka! Basi mkondo wa maada uliorushwa na chanzo unatujia kwa kizidishi cha Lorentz (kipimo cha jinsi kasi inavyokaribia ile ya mwanga) kinachozidi 100. Kikiwa 300, milisekunde hiyohiyo inaruhusu mionzi izaliwe kilomita milioni 54 kutoka kwenye chanzo, karibu sawa na umbali wa Utaridi kutoka kwenye Jua.

Huko ndiko matabaka ya kasi tofauti yanakogongana. Elektroni hupata nguvu, huzunguka kwenye ugasumaku, hutoa sinkrotroni. Kinadharia alfa yake haipandi juu ya −2/3, na huo ndio mstari, na elektroni zikipoa haraka huwa −3/2. Milipuko mingi hukaa karibu na −1, katikati kabisa, na ugomvi wote umeanzia hapo.

Sasa kazi. Kati ya vigunduzi 12 vya Fermi vya iodaidi ya sodiamu, chukua 2 au 3 vilivyo ndani ya nyuzi 60 kutoka uelekeo wa mlipuko, pamoja na kimoja cha BGO, aina inayopima nishati kubwa zaidi. Ruka 30 hadi 40 keV (kilo-elektronivolti, kipimo cha nishati), maana iodini yenyewe ina ukingo kwenye 33. Usuli, yaani mionzi isiyo ya mlipuko, upime kabla na baada ya mlipuko, si upande mmoja. Kisha kata muda vipande vidogo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kilele cha nishati huhama, na ukijumlisha sekunde 20 unapata uji. Alfa inalainika, inaonekana salama kumbe si salama. Kwa mlipuko mkali kama GRB 221009A wa Oktoba 2022, tupa sekunde ambazo vigunduzi vilielemewa.

Swift, setilaiti nyingine inayofuatilia milipuko hii, ikiwa ilishaelekea huko mapema, ongeza data yake ya eksirei, 0.3 hadi 10 keV. (Data hiyo hushukia kituo cha Malindi, hata hatuwezi kusema anga ni mambo ya mbali.) Kwenye nishati hizo za chini hujitokeza mkunjo wa pili: chini yake mteremko unakaribia −2/3, juu yake −3/2. Ukiukosa mkunjo huo, fomula ya Band hukupa wastani wa −1, na ile ni fomula ya mwaka 1993 ya kuchora umbo, haina fizikia ndani yake. Ingiza modeli ya sinkrotroni yenyewe moja kwa moja kwenye hesabu za vigunduzi.

Ikigoma hata hapo, na spektra ni nyembamba kama ya GRB 090902B, ifikirie fotosfia: mwanga uliokuwa umenaswa ndani ya mkondo, ukaachiwa ulipokonda.