Santuri Zangu si Fotokopi

Juma lililopita nilipata ujumbe wa msomaji ambaye ndiyo kwanza anaanza kukusanya santuri za jazi. Ana matoleo ya marudio ya Blue Note, kampuni ya rekodi za jazi ya Marekani, yanayojaza nusu ya rafu, na mtu aliyemtangulia katika mambo haya amemwambia ayauze yote, kwa sababu toleo la marudio si mali. Mali ni toleo la kwanza. Anauliza kama ni kweli. Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika haya yote, maana watu wenye maneno hayo nawajua na kinyongo nao hakijanitoka.

Nami niliambiwa. Nilipokuwa bado mgeni katika kundi moja la wakusanyaji, niliweka picha ya santuri zangu, zimepangwa wima, migongo ya majalada inasomeka vizuri. Mkongwe mmoja wa kundi, mwenye Blue Note za zamani kabisa, zenye anwani ya Lexington Avenue, ambazo wengi wetu huziona pichani tu, akaandika neno moja: "Fotokopi." Wenzake wakamwaga vicheko. Sikujibu kitu. Lakini neno lile liliniingia, na nadhani nusu ya ninayoyajua leo kuhusu santuri niliyatafuta ili siku moja nimjibu mtu yule.

Miaka iliyofuata naiacha. Haina utamu: kusubiri vifurushi, kuosha santuri, kubadilisha sindano.

Siku yenyewe imefika mwezi uliopita. Nina nakala mbili za Black Fire, albamu ya mpiga piano Andrew Hill, ile aliyoirekodi Novemba 1963 akiwa na Joe Henderson kwenye saksafoni, Richard Davis kwenye besi na Roy Haynes kwenye ngoma. Moja ni ya mwanzo, ambayo lebo yake, ile karatasi ya katikati, imeandikwa "New York USA". Nyingine ni ya Tone Poet, mfululizo wa matoleo ya marudio ambao Blue Note waliuanzisha mwaka 2019. Tulikutana wapenzi wachache, mkongwe akiwemo. Nikasawazisha sauti, nikawataka wakae wakiwa wameipa mashine mgongo, nikazicheza zote mbili bila kusema ipi ni ipi.

Mkongwe aliitambua ya asili papo hapo. Aliitambua kwa mikwaruzo.

Nikamwambia haya, weka mikwaruzo pembeni. Besi ya Davis unaisikia kama mbao na nyuzi katika santuri ipi? Akanyamaza. Akaomba zirudiwe. Kisha akasema ya pili, halafu akaongeza haraka kwamba sindano yangu haifai kwa santuri za zamani. Ya pili ilikuwa Tone Poet. Nilifurahi mno na sioni sababu ya kuificha furaha hiyo. Aliondoka mapema.

Sasa sikiliza, wewe unayeanza. Santuri haipimwi kwa umri wake. Inapimwa kwa mambo matatu: imetoka kwenye kanda gani, nani aliichonga, na ilikandamizwa kiwanda gani. Muziki hukaa kwenye kanda ya sumaku. Kutoka hapo fundi huchonga mifuo kwenye sahani laini, sahani hiyo hutengenezewa mihuri ya chuma, na mihuri ndiyo hukandamiza plastiki unayoiweka kwenye mashine. Kila hatua inaweza kuharibu kitu. Toleo la asili lina faida kubwa moja, nayo ni kwamba kanda ilikuwa bado mbichi. Hilo sibishi. Lakini mafundi wa wakati ule walichonga wakifikiria mashine za wakati ule, ambazo nyingi zilikuwa nyepesi na hafifu. Besi ikiwa nzito sindano inaruka, basi besi ikapunguzwa. Anayechonga leo kutoka kanda ileile halazimiki kuogopa hivyo. Ndiyo maana besi ya Davis ilimnyamazisha mkongwe wangu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kind of Blue ya Miles Davis. Ilirekodiwa Machi na Aprili 1959. Siku ile ya Machi, mashine kuu ya kurekodi ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda yake ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka juu kidogo ya sauti yake halisi. Kanda ya akiba ya mashine ya pili ilikuwa sahihi, lakini haikutumiwa mpaka toleo la mwaka 1992. Yaani kwa zaidi ya miaka 30, mwenye toleo la kwanza lenye lebo ya kampuni ya Columbia ya "macho sita", yaani alama sita zenye umbo la jicho, alikuwa akisikiliza tarumbeta ambayo Miles hakuipiga hivyo. Mwenye toleo la marudio la baadaye ndiye anayesikia sauti ya kweli. Mkumbushe hilo mtu anayekuita fotokopi, uone.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa matoleo ya kwanza hawapendi kuligusa. Albamu nyingi nzuri hazina toleo la kwanza la enzi zake. Alfred Lion, mwanzilishi wa Blue Note, alirekodi kuliko alivyoweza kutoa. Mpiga saksafoni Tina Brooks alikufa mwaka 1974 akiwa ameona albamu moja tu ikitoka kwa jina lake, True Blue. Back to the Tracks ilipewa namba, ikatengenezewa jalada, kisha ikawekwa kabatini. Minor Move, aliyoirekodi mwaka 1958 akiwa na mpiga tarumbeta Lee Morgan, ilitoka Japani mwaka 1980. Nyingi kati ya kanda hizi tunazisikia kwa sababu mtayarishaji Michael Cuscuna aliruhusiwa kuingia kwenye hifadhi ya Blue Note katikati ya miaka ya 1970 akaanza kuzifungua moja baada ya nyingine. Baadaye akashiriki kuanzisha Mosaic Records, kampuni ya matoleo ya marudio ya jazi. Mtu akikuambia anasikiliza matoleo ya miaka ya 1950 na 1960 tu, anakuambia hajali nusu ya Tina Brooks. Nami mtu asiyejali Tina Brooks simwelewi.

Sitaki uelewe kwamba nachukia matoleo ya asili. Ninayo, na nayapenda. Kama nia yako ni kuyafikia, na najua ndiyo, maana sisi wote tunayo ndoto hiyo hata tukijifanya hatuna, basi jifunze kusoma santuri yenyewe kabla ya kusoma maelezo ya muuzaji. Kwa Blue Note, anza na anwani iliyo kwenye lebo. Lexington Ave ni ya zamani zaidi, kisha ikaja 47 West 63rd, kisha "New York USA" ya miaka ya mwanzoni ya 1960. Halafu itazame santuri kwa pembe chini ya taa, sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Hapo utakuta alama ya Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi na kuchonga nyingi ya santuri hizi: RVG ya mkono kwenye za mwanzo, baadaye ya muhuri, na baadaye tena VAN GELDER kwa herufi kubwa. Huyu ndiye fundi aliyekuwa daktari wa macho mchana na mrekodi nje ya saa za kazi, kwenye sebule ya wazazi wake kule Hackensack, New Jersey, mpaka alipohamia studio yake ya Englewood Cliffs mwaka 1959. Mimi nikiona alama yake hata kwenye santuri ya kampuni nyingine kama Prestige au Impulse, moyo hutulia.

Kisha tafuta sikio. Wakusanyaji huliita hivyo: ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, imeandikwa kiasi cha kufanana na sikio la mtu. Kiwanda hicho kiliikandamizia Blue Note mpaka mwaka 1966, kampuni ilipokuwa imekwisha kuingia mikononi mwa kampuni ya Liberty. Na hapa ndipo wengi huumizwa. Liberty walirithi lebo na majalada ya zamani, wakayatumia kwa santuri walizokandamiza wenyewe. Kwa hiyo unaweza kupata lebo ya "New York USA", jalada la "New York USA", kila kitu sawasawa, na sikio hakuna. Kwa albamu iliyokwisha kutoka kabla ya Liberty, si toleo la kwanza hilo. Linaweza kuwa na sauti nzuri tu, hasa likiwa na alama ya Van Gelder, lakini usililipie kama la kwanza. Sikio, sikio, sikio. Muuzaji akikataa kukupigia picha ya sehemu ile tupu, umeshajua la kufanya.

Na hata sikio likiwepo, hujamaliza. Niliwahi kununua kwenye mnada wa mtandaoni santuri ya mpiga saksafoni Hank Mobley iliyotangazwa daraja la VG+, yaani nzuri sana na zaidi, yenye kung'aa, picha safi. Sikio lilikuwepo, RVG ilikuwepo. Nikaiweka kwenye mashine, nyimbo mbili za mwanzo murua, ya tatu saksafoni ikaanza kupasuka, na kadiri sindano ilivyokaribia lebo ndivyo ilivyozidi kuwa kama kuni mbichi motoni. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa imelika kwa sindano nzito za zamani, na ulaji huo mara nyingi hauonekani kwa macho. Muuzaji alijibu kwamba yeye huyapanga madaraja kwa kutazama tu, na kwamba nilipaswa kuuliza. Bado inaniuma ninapoandika. Basi uliza: umeicheza au umeitazama? Upande wa pili, wimbo wa mwisho, saksafoni inapasuka? Uliza kwa maandishi ili jibu libaki.

Upande wa matoleo ya marudio nako kuna mitego, na mkubwa unatoka Ulaya. Huko haki ya rekodi ilikuwa inadumu miaka 50. Ilipoongezwa kuwa 70 mwaka 2013, zilizokuwa zimeshaisha muda hazikurudishwa. Karibu jazi yote ya miaka ya 1950 ikabaki huru kule, na kampuni yoyote inaweza kuikandamiza bila kuigusa kanda ya asili. Nyingi huchukua CD, zikaigeuza santuri. Ukiona jalada jipya lisilofanana na la zamani, nyimbo za nyongeza ambazo hazikuwemo, na hakuna hata neno moja kuhusu kanda wala fundi, hapo ndipo neno fotokopi lina haki yake. Maneno "gramu 180" yasikubabaishe. Huo ni uzito wa plastiki.

Toleo la marudio linalojiheshimu hutaja watu wake. Tone Poet wanakuambia Joe Harley ndiye aliyesimamia, Kevin Gray ndiye aliyechonga kutoka kanda za analogi, yaani bila kupitia dijitali, na santuri zinakandamizwa kwenye kiwanda cha RTI kule Camarillo, California. Mfululizo wa Classic wa kampuni hiyohiyo una jalada jepesi zaidi, lakini fundi ni yuleyule. Kampuni ya Verve ina mfululizo wa Acoustic Sounds, ambao santuri zake zinakandamizwa Salina, Kansas. Za kampuni za Prestige na Riverside utazipata kwenye mfululizo wa marudio wa Original Jazz Classics. Zile za miaka ya 1980 bado zinapatikana na watu huzipita bila kuzitazama kwa sababu majalada yake hayavutii. Wapite tu, zibaki zetu. Lakini hata jina kubwa liulizwe: mwaka 2022 ilifichuka kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya matoleo ya marudio, walikuwa wakipitisha kanda kwenye hatua ya dijitali katika santuri ambazo wapenzi waliamini ni analogi tupu. Wengi waliozisifu kwa joto la analogi walikuwa wamekaa nazo miaka bila kusikia dijitali yoyote. Nami huwa nalitaja jambo hilo kila mtu anapoanza kujisifia masikio, yangu yakiwemo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usiuze kitu. Jiulize umeicheza mara ngapi kila santuri uliyonayo. Mkusanyaji anayenunua ili apige picha, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki na kuiacha humo, huyo ni mlinzi wa ghala. Wapo waliolipia ile santuri ya Hank Mobley ya namba 1568, mojawapo ya Blue Note zinazogombaniwa kuliko zote, na hawathubutu kuishushia sindano. Wanamuziki wale hawakuketi studio kwa ajili ya mlinzi wa ghala. Sikiliza kwanza. Sikiliza albamu nzima, pande zote mbili, umekaa, simu iko mbali. Ukishaipenda hata kuiota, ndipo uanze kuiwinda ya asili, na uiwinde hiyo moja. Tafuta sikio, uliza kanda, uliza kama imechezwa.

Ukitaka pa kuanzia nje ya zile ulizonazo, chukua Blue Train ya John Coltrane ya Tone Poet ya mono (sauti ya njia moja), Saxophone Colossus ya Sonny Rollins katika Original Jazz Classics, na Minor Move niliyoitaja, toleo lolote lenye jina la fundi. Kisha angalia matoleo ya Japani yaliyotolewa na kampuni ya King mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Yametengenezwa kwa uangalifu, yametunzwa na wenyewe kwa uangalifu zaidi, na mengi bado yana ule ukanda wa karatasi pembeni. Ukipitwa na moja mnadani dakika ya mwisho usinune. Huenda aliyekuzidi ni mimi.