Usibomoe tanuru la majaribio kabla ya kupima nje ya mipaka ya madai yako

Ndugu, simama hapo hapo. Unasema kwamba uwiano wa kina cha kioo kilichoyeyuka na upana wa tanuru lako haumo katika hati yoyote ya awali, na kwamba ombi la hataza litakwenda Marekani wiki hii. Kisha unauliza kuhusu michoro na nchi nyingine za kuomba. Michoro itasubiri. Mimi nilikuwa hapo ulipo, na wakala wangu akanihakikishia kwamba kipimo kipya ni uvumbuzi. Alichanganya sharti la kitu kuwa kipya na sharti la kutokuwa dhahiri, yaani fundi wa kawaida asingekifikia kirahisi, ingawa ada yake hakuichanganya na chochote.

Mkaguzi wa ofisi ya hataza alileta hati ya zamani yenye tanuru la umbo lilelile na kina kilichoingiliana na changu, akataja uamuzi wa mahakama ya Marekani katika kesi ya Aller ya mwaka 1955: muundo wa jumla ukiwa umeshajulikana, kutafuta kipimo bora kwa majaribio ya kawaida si uvumbuzi. Ilinipasa kuonyesha kwamba ndani ya mipaka ya vipimo nilivyodai hutokea jambo lisilotarajiwa, ambalo nje yake halipo. Nilikuwa na hesabu za viputo vilivyobaki kwenye kioo, jedwali kwa jedwali, na zote zilikuwa za ndani ya mipaka hiyo! Sheria iliniruhusu kuleta vipimo vya kulinganisha kwa tamko la kiapo hata baada ya kuwasilisha ombi, lakini tanuru la majaribio nilikwisha kulibomoa ili kupata nafasi, na lile la uzalishaji, ambalo likishawashwa huweza kuwaka zaidi ya miaka 10, hakuna meneja atakayekubali sakafu yake iinuliwe ili nijibu barua ya mkaguzi.

Tena, katika utangulizi wa ombi nilikuwa nimeandika kwa madaha kwamba kila fundi anajua kina huamua jinsi joto linavyofika chini na viputo vinavyopanda. Katika kesi ya Antonie ya mwaka 1977, mwombaji alishinda kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametambua kwamba uwiano wake huathiri matokeo. Hoja hiyo mimi niliizika kwa mkono wangu, tena kwa sarufi safi.

Kabla ya kuandika dai hata moja, yaani sentensi inayotaja unachotaka kilindwe, endesha tanuru kwa kina kilicho chini ya mpaka wako wa chini na kwa kingine kilicho juu ya ule wa juu, kwa malighafi ileile na joto lilelile, kisha uhesabu viputo. Matokeo yakibadilika polepole tu mpakani, mkaguzi atakurudisha kwa Aller. Na matofali usiyaguse mpaka ombi liamuliwe.