Dawa ya meno inafaa, kioo kikiwa cha plastiki

Je, dawa ya meno inaondoa mikwaruzo kwenye kioo cha simu? Ndiyo, inaondoa midogo, lakini kwa kioo cha plastiki tu, kama cha hizi simu ndogo za tochi. Chukua ile nyeupe ya kawaida, si ya jeli inayong'aa. Inafanya kazi kwa sababu ina unga laini sana unaosaga plastiki kidogo kidogo mpaka kingo za mkwaruzo zilainike.

Zima simu, toa betri, ziba tundu la spika kwa selotepu. Tia tone dogo kwenye kipande cha fulana kuukuu ya pamba, sugua kwa mzunguko bila kukandamiza, dakika tano hivi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Rudia ukihitaji. Natengeneza simu hapa Kampala na hivi ndivyo ninavyofanya.

Mkwaruzo ukinasa ukucha hautoki, badilisha hicho kioo cha plastiki. Na tafadhali usiguse petroli wala thina, plastiki itapata ukungu usiofutika. Simu za kugusa zenye kioo halisi usizisugue kabisa: utaondoa ule utando unaozuia mafuta ya vidole, na mkwaruzo utabaki palepale.