Masta au uzamivu: kwa wahandisi vijana wa Kusini

Vijana wanaomaliza uhandisi na kurudi huku Mtwara huniuliza: "Kaka, nikirudi chuo niishie masta, au nilenge uzamivu, yaani PhD, kabisa?" Wengi huuliza wakiwa wamechoka kutafuta ajira, na hapo huwasimamisha kwanza. Mdogo wangu, usiende kusoma uzamivu ili kusubiria kazi. Ni miaka mitatu, minne, mara nyingi zaidi, na asiye na swali linalomnyima usingizi huishia katikati.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi mwenye masta, nafanya kazi ukanda huu wa pwani. Karibu na bahari, chumvi hupenya kwenye zege polepole mpaka ikafika kwenye nondo. Nondo ikishika kutu zege hupasuka na kumeguka, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Masta ilinifundisha kulikabili tatizo hilo: zege linalofunika nondo liwe nene kiasi gani, maji yawe kiasi gani kwa saruji uliyonayo, nikague nini kabla mafundi hawajamwaga. Mambo hayo nayatumia saiti kila mara.

Rafiki yangu tuliyesoma naye alitaka kingine. Alitaka kujua chumvi hiyo hupenya kwa kasi gani kwenye zege la mchanga na kokoto za huku kwetu, na kwa nini. Jibu halikuwa kitabuni, ilibidi alitafute mwenyewe: kutengeneza sampuli, kuziloweka, kuzipima mwezi baada ya mwezi, na jaribio likiharibika kuanza upya. Alikuwa akilizungumzia hata tukiwa tunakula. Huyo ndiye mtu wa uzamivu. Mimi nilitaka kuona jengo linasimama, na masta ilinitosha.

Ukitaka kufundisha chuo kikuu, huna njia ya mkato: masta itakuingiza kama mhadhiri msaidizi, lakini kupanda kuwa mhadhiri kunadai uzamivu. Kwa mkandarasi au kampuni ya ushauri mambo ni tofauti. Huko watakuuliza kwanza kama umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na shahada za juu hazichukui nafasi ya usajili huo. Kama hujamaliza ile miaka mitatu ya mafunzo ya kazi chini ya wahandisi wazoefu, anza na hiyo.

Sasa gesi, maana ndiyo inayowavuta wengi hapa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay 1982, na mtambo mkubwa wa kugeuza gesi kuwa kimiminika umepangwa kujengwa Likong'o, Lindi. Ni matumaini ya haki, lakini usifunge miaka minne ya maisha yako kwa mradi mmoja. Chagua masta itakayokufaa hata nje ya gesi: mabomba, kutu ya vyuma, usalama wa mitambo.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Usimwache mzazi auze korosho za msimu mzima kulipia uzamivu usio na ufadhili. Vyuo vingi vya Marekani humlipia ada mwanafunzi wa uzamivu wa uhandisi na kumpa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, na vingine hupokea mwenye shahada ya kwanza tu. Ujerumani na Norway mara nyingi huajiriwa kwa mkataba wenye mshahara, ila kwa kawaida wanataka masta kwanza. Na kumbuka mkopo wa Bodi ya Mikopo: ukiajiriwa hapa nchini, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa.

Kabla ya kukubali nafasi ya uzamivu popote, watafute wanafunzi wa msimamizi huyo. Waulize humwona kila baada ya muda gani, yeye husoma kazi zao au hupitisha macho tu, na waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi. Mimi naona msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Na ukipata kwanza masta yenye ufadhili na tasnifu ndani yake, ichukue. Katika tasnifu hiyo utajua kama unapenda utafiti wenyewe, kabla hujaandika andiko la uzamivu.